Mwalimu wa Chekechea na Wenye Kumsimamia

Mwezi huu twapenda kuzungumza na wazazi juu ya jambo ambalo aghlabu hupitwa bila ya kutazamwa, nalo ni hali ya mwalimu wa chekechea. Mtoto akirejea nyumbani hajui kitu, lawama zote humwangukia mwalimu. Wala hatuulizi ni nani amsimamiaye mwalimu huyo, na humsimamia vipi.

Mfano wetu hauko mbali. Katika miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa pwani ya Kenya, walipoona watoto wao wakibaki nyuma mashuleni, waliomba msaada kwa Aga Khan. Ndipo zilipoanzishwa Mombasa chekechea za madrasa, ambamo dini na matayarisho ya shule hufunzwa pamoja. Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuiongoza kazi hiyo, nayo ikaenea hadi Zanzibar mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993.

Waalimu walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo, na wengi wao hawakuwa na masomo makubwa. Kilichowainua ni namna walivyoongozwa. Mkufunzi hakuwafunza mara moja kisha akenda zake. Alirudi darasani, akatazama, na baada ya somo akaketi na mwalimu wakazungumza. Walifunzwa kutengeneza vifaa kwa vitu vilivyo karibu, kama vifuu, mbegu na vizibo vya chupa. Mwanamke aliyedhani hana elimu akaanza kujiona mwalimu.

Taabu ilikuwa katika mshahara. Shule ni mali ya watu wa mtaa, na kamati humlipa mwalimu kwa ada za wazazi. Ada ikichelewa, mshahara nao huchelewa. Na mwalimu aliyekwisha funzwa vyema ndiye apataye upesi kazi penginepo. Watoto waliomzoea huamka siku moja wakamkosa.

Wako wasemao kwamba kuwafunza wadogo ni thawabu, na thawabu yamtosha. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kumlipa mfanya kazi ujira wake upesi, wala hakumtoa mwalimu katika amri hiyo.

Lakini fedha peke yake haitoshi. Yuko mkuu wa shule amkaripiaye mwalimu mbele ya wazazi. Yuko ampelekaye chekechea yule asiyefaa kwingine, na mwalimu hodari akamweka darasa la mtihani. Mkuu atakaye kuona madaftari yaliyojaa tu, huletewa madaftari yaliyojaa. Mchezo na hadithi, ambavyo ndivyo vimfunzavyo mtoto wa miaka minne, huachwa. Na mwalimu aliyevunjika moyo huwaketisha watoto wakaitikia kutwa nzima, kwa kuwa kuitikisha hakumchoshi.

Mabwana wa kamati, ambao wengi wao hawajapata kuketi darasani humo hata saa moja, na waende wakaketi, japo juu ya vile viti vidogo. Na mama mwenye mtoto, mkutano wa wazazi uitwapo, asiogope kusimama na kuuliza mshahara wa mwezi uliopita ulilipwa tarehe gani.