Ndege wa Mida ni wetu pia
Na Mwanakombo Fadhili

Kila ifikapo Septemba na Oktoba, baridi ikianza kubisha hodi huko Ulaya na Siberia, hori ya Mida, kusini mwa Watamu, hujaa ndege. Vitwitwi na sululu hutoka mbali kabisa kaskazini. Mwingine hutoka kwa jirani zetu wa zamani: yule mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anayetaga yai ndani ya shimo la mchanga kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu. Katika familia yake ya kisayansi yuko peke yake duniani.

Msimu umeingia, na nachelea kwamba ndege hawa tutawaachia tena wageni wa hotelini. Wengi wetu tunadhani matembezi ya kutazama ndege ni mambo ya Wazungu wenye darubini. Hapo tunajipunja.

Matembezi yenyewe hayana makuu. Kundi la watu wachache na kijana wa kijijini anayewaongoza. Mnakwenda maji yanapoanza kujaa, maana bahari ndiyo inayowafukuza ndege matopeni na kuwasogeza karibu. Mnavaa nguo zisizong'aa, mnanyamazisha simu. Uzuri wa kwenda pamoja ni kwamba mmoja huona alichokosa mwenzake, na mvuvi mzee akijiunga nanyi, atawaonyesha walipolala ndege jana.

Mtafuteni kinda wa mla kaa. Ana rangi ya kijivu, amevuka bahari kwa mbawa zake, na bado anamfuata mzazi akililia chakula. Mzazi husimama tuli, ghafla hukimbia hatua kadhaa, hudonoa, kisha huinuka na kaa anayerusha miguu. Kinda hujikunyata, akalishwa. Ndege wengi wa matopeni huachana na watoto wao mapema. Huyu huendelea kulea hadi ugenini. Mimi sichoki kulitazama jambo hilo.

Tena ndege hawa wanasomesha. Tangu 2001 mpango wa ASSETS, unaoendeshwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, hutumia mapato ya wageni, wakiwemo wanaolipa kupita daraja la mbao kwenye mikoko ya Mida, kusaidia karo za sekondari kwa watoto wanaoishi kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Lakini hayo yote yanategemea mikoko, na ikikatwa, atakayepiga kelele ni yule aliyewahi kusimama pale akaona inahifadhi nini. Ndiyo maana nataka watoto wetu wafike.

Jumamosi ya pili ya Oktoba ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani. Walimu wa Kilifi na Malindi, ulizeni wavuvi saa ya maji kujaa, kisha wapelekeni wanafunzi Mida. Darubini si lazima. Mla kaa anaonekana kwa macho matupu.