Oili ya Gari Lako Imwage Mwenyewe

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimelala chali chini ya Toyota Tazz yangu hapa Kensington, Johannesburg, oili chafu ikichuruzika taratibu kwenye beseni, niliposikia hatua za mtu zikikoma kando ya gurudumu. Alikuwa jirani yangu wa nyumba ya pili, mzaliwa wa Bukavu, muungwana ambaye hajawahi kunipita bila salamu. Akainama, akaniangalia, akauliza kwa huruma: "Papa, mambo yamekuwa magumu hivyo?"

Huruma ile ndiyo iliyonikalisha kuandika makala haya. Jirani hakunidharau. Aliamini kwa dhati kwamba mwenye gari akionekana chini ya gari lake ana spana mkononi, basi amefilisika, au ni bahili, au anakaribia kuua injini. Imani hii nimeikuta kila waliko Waswahili. Pale Gerezani, Dar es Salaam, utamwona mwenye gari amesimama kivulini, shati limenyooka, funguo zinazunguka kidoleni. Fundi yuko udongoni. Kazi ikiisha analipa, anaondoka, na hajui filta ya oili ya gari lake iko upande gani. Ukimuuliza atakwambia: oili ndiyo damu ya gari, mwachie mwenye ujuzi.

Kwamba oili ni damu ya gari, nakubali. Kwamba tumwachie mwingine, nakataa, na nina sababu.

Kwa miaka sita nilipeleka gari gereji kila lilipofikisha kilomita za sevisi. Nililipa oili, nikalipa filta, nikapewa risiti. Kisha taa nyekundu ya oili ikaanza kumemeta kila niliposhuka mteremko na kufunga breki. Fundi mmoja, Mtanzania mwenzangu anayefanyia kazi pembeni mwa barabara kule Malvern, akaingia chini, akaniambia oili imepungua, akaniongezea. Kabla hajatoka akapitisha kidole kwenye filta, akanionyesha tope lililokauka: "Kaka, hii haijaguswa siku nyingi." Sikumwamini. Gereji yangu ilikuwa na sakafu ya vigae na mashine ya kahawa. Yeye alikuwa na boksi la spana na turubai. Hata hivyo, kabla ya sevisi iliyofuata nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nikaweka doa jekundu ubavuni mwa filta. Nikapeleka gari, nikalipa kama kawaida, risiti ikaandikwa oili na filta. Jioni nikainama na tochi. Doa lilikuwa palepale.

Oili ilikuwa mpya kweli, nzuri, rangi ya asali. Filta ndiyo ilikuwa ileile. Wapo watakaosema hilo ni jambo dogo. Si dogo. Filta ikiziba, injini haifi siku hiyo. Ndani ya mfumo kuna vali ndogo inayofunguka pale oili inaposhindwa kupenya karatasi ya kuchujia, ili injini isikauke. Kuanzia hapo oili huzunguka bila kuchujwa. Masizi, mchanga mwembamba na unga wa chuma hupita kwenye beringi za krankishafti, mzunguko baada ya mzunguko, na hakuna taa itakayowaka kukuarifu. Taa ile ya kwangu ilinionya oili ilipopungua. Filta iliyochoka haina wa kuisemea. Miezi inapita, gari linaanza kugonga, siku moja linanoki, na wewe unamlaumu Mjapani aliyelibuni.

Gereji ile siitaji jina, kwa sababu uchungu wangu hauko kwenye gereji moja. Uchungu wangu ni kwamba bila lile doa nisingejua kamwe. Nilikuwa nimeukabidhi ufahamu wangu kwa mtu ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kunijulisha, kisha nikauita ujinga huo heshima.

Oili inayotoka ni habari ambayo injini inakuletea kutoka ndani bila kuifungua. Ishike kati ya vidole, ndani ya glovu nyembamba, ukaisogeze kwenye jua. Ikiwa ina vimeta kama magamba ya dagaa, chuma kinasagika mahali fulani. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Simamisha safari zako. Ikinuka petroli, kuna petroli inayovuja kwenda chini badala ya kuungua juu. Na pima kilichotoka! Tazz inachukua zaidi kidogo ya lita 3. Ulitia 3, zikatoka 2: moja imekwenda wapi? Imeungua au imevuja, na majibu hayo mawili yana tiba mbili tofauti. Fundi anayemwaga oili za magari kumi kwa siku hana muda wa kuyasoma haya, wala hawezi kulinganisha na mara iliyopita. Mara iliyopita anayeikumbuka ni wewe.

Kuna jambo moja ambalo wageni wa Johannesburg hulikosea, nami nililikosea. Mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi baridi inashuka hadi karibu na sifuri. Wengi wetu tunaendesha safari fupi: kumpeleka mtoto shule, kwenda maduka ya Eastgate, kurudi. Injini haipati kuchemka sawasawa, unyevu unabaki ndani, na ukifungua kifuniko cha kutilia oili unakuta utando mweupe kama mtindi. Nilipouona mara ya kwanza nilitetemeka, nikadhani gasketi imekwenda. Kumbe ni mvuke wa baridi tu. Ukikuta weupe huo kwenye kifuniko peke yake, huku oili iliyoko kwenye beseni ni safi na maji ya rejeta hayapungui, tuliza moyo, na siku moja liendeshe gari safari ndefu. Lakini jifunze pia kwamba safari fupi huichosha oili kuliko safari ya kwenda Durban, hata kama kilomita ni chache. Mwanamke mmoja wa mtaani kwetu aliuziwa injini nzima kwa ajili ya utando huo. Angekuwa amewahi kumwaga oili yake hata mara moja, asingeuziwa.

Vivyo hivyo kuhusu weusi. Mtu anachomoa dipstiki, anaifuta kwa kitambaa cheupe, anakuonyesha: "Ona, imekufa." Oili ya kisasa ina sabuni ndani yake; kazi yake ni kuyabeba masizi yasigande kwenye chuma, na ikiyabeba inakuwa nyeusi. Ya dizeli huwa nyeusi ndani ya siku chache tu. Kinachoamua ni kilomita, muda na namna ulivyoendesha.

Sasa niseme lililo zito zaidi. Katika mji huu, maneno "hiyo si kazi yako" hayakuanza gereji. Mwaka 1926 Sheria ya Migodi na Kazi ilirekebishwa ili vyeti vya ufundi wa mitambo migodini wasipewe Waafrika wala Wahindi. Mwafrika aliweza kuusafisha mtambo, kuusukuma, kuvunjika mgongo juu yake. Cheti cha kuusimamia hakupewa. Na Kensington hii ninayoishi ilikuwa mtaa wa Wazungu chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950, iliyofutwa 1991. Sisemi mwenye gereji wa leo ni sawa na sheria zile. Nasema kwamba sisi, tuliokuja kuishi katika nyumba hizi na kuendesha magari yetu wenyewe, tungepaswa kuwa watu wa mwisho kuliinamia neno hilo. Tunalipokea bila kuulizwa, tena tunawafundisha watoto wetu kwamba mkono wenye oili ni mkono wa mtu aliyeshindwa. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja. Ndiye anayenishikia tochi na ndiye anayeandika kilomita kwenye daftari. Sitaki aje auziwe injini kwa utando mweupe.

Wenye magari mapya hunijibu kwa neno moja: waranti. Wanaogopa kwamba mtu wa nje akiligusa gari, dhamana ya kiwanda inakufa papo hapo. Afrika Kusini jambo hili limeshapata majibu. Miongozo ya Tume ya Ushindani iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021 inawataka watengenezaji wasifute waranti kwa sababu tu gari limefanyiwa sevisi na gereji huru. Anayetaka kuishika spana yeye mwenyewe na ausome mkataba wake kwanza, atumie oili ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kila risiti aitunze. Kwa sisi wengine hoja yenyewe haipo. Tazz ya mwisho ilitoka kiwandani 2006.

Hoja inayoniuma ni nyingine: kwamba namnyima fundi mkate. Nawajua mafundi wa Jules Street na vichochoro vya Jeppestown. Wengi ni wahamiaji kama mimi. Septemba 2019, ghasia dhidi ya wageni zilipofika mtaa ule, magari yaliyokuwa yakiuzwa pale yalichomwa moto, na wapo waliolala njaa kwa majuma. Siandiki haya niwaongezee machungu. Lakini mkate wa fundi hasa uko kwenye giaboksi, kwenye mkanda wa taiming, kwenye kusikiliza mlio na kujua unatoka wapi. Yule Mtanzania wa Malvern ndiye ninayempelekea kazi zote nisizoziweza, na ananiheshimu zaidi sasa, kwa sababu nikifika namwambia oili ilipungua kiasi gani na tangu lini. Fundi mwaminifu hana haja ya mteja asiyejua. Ni mdanganyifu pekee anayemhitaji.

Hatari zipo, na anayezificha ni muuaji. Kensington imelala kwenye ukingo wa kilima. Kutoka Langermann Kop kushuka kuelekea Bezuidenhout Valley barabara nyingi ni mteremko. Gari halipigwi jeki kwenye mteremko, nukta. Tafuta uwanja wa nyuma, au omba kwa rafiki mwenye sehemu tambarare. Jeki ni ya kuinulia tu. Ya kuegemeza ni stendi za chuma, mbili, si matofali, maana tofali hupasuka bila kutoa onyo. Vuta handbreki, weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, sukuma gari kwa bega kabla hujaingia chini yake. Kama huna stendi, usiingie. Siku hiyo mpe fundi.

Yaliyobaki ni utulivu. Washa injini dakika chache oili ilegee, isichemke kiasi cha kukuunguza. Boliti ya sampo kwenye Toyota ina kichwa cha milimita 14; ilegeze kwa spana inayokaa sawasawa, weka wosha mpya wakati wa kurudisha, na ukaze kwa nguvu ya mkono wa mtu, bila kuongeza bomba kwenye spana, maana nyuzi zikiisha utajuta. Ukitoa filta hakikisha mpira wake umetoka nayo. Mpira wa zamani ukibaki umeganda kwenye injini, ukafunga mpya juu yake, oili yote itatoka kwa kishindo ndani ya dakika. Mpya ipake oili kidogo mpirani, izungushe kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Ndivyo ilivyo kazi nzima tunayoambiwa ni siri ya wataalamu.

Kuna shutuma moja tu dhidi yetu tunaomwaga nyumbani ambayo sina la kuijibu ila kukiri: baadhi yetu huimwaga oili chafu kwenye mtaro wa mvua. Nimeziona alama zake, nyeusi, zikishuka ukingoni mwa barabara. Mtaro huo unateremka hadi bondeni na kuingia mto Jukskei. Mto huo unapita Bruma, ambako ziwa la kuchimbwa lilichafuka hadi likaondolewa kabisa, unapita Alexandra ambako watoto huchezea kingo zake, unaungana na mto Crocodile kuelekea bwawa la Hartbeespoort, kisha Limpopo, na Limpopo inaingia Bahari ya Hindi huko Msumbiji, karibu na Xai-Xai. Ni bahari ileile ya kwetu. Anayefanya hivyo hana haki ya kujiita mwenye gari, wala asinitaje kuwa mwenzake.

Mimi oili yangu inarudi kwenye galoni ileile iliyokuja nayo. Nchi hii ina shirika la ROSE, lililoanzishwa 1994 kwa ajili ya kukusanya na kurejeleza oili iliyotumika, na zipo gereji zenye tangi la kuipokea. Tatizo ni kwamba tangi hilo hufichwa nyuma, nawe huna budi kuuliza watu watatu. Basi nawaambia wenye maduka ya spea wa upande huu wa mji: mnaoniuzia lita 5 mlangoni, zipokeeni lita 5 hapohapo mlangoni. Liwekeni tangi mbele, karibu na mashine ya kulipia, liandikwe kwa herufi kubwa, ili anayekuja Jumamosi na galoni iliyojaa asilazimike kuona aibu.