Dawa si Njugu

Kijana anayetamani kifua kipana hana la kulaumiwa. Mazoezi ni afya, na nchi yoyote hujivunia vijana wakakamavu. Linalotutia wasiwasi ni njia ya mkato, yaani sindano na vidonge vya steroidi za kujenga misuli, vinavyotumiwa bila ya daktari kuulizwa.

Tuseme haki kwanza. Dawa hizi zimetokana na testosteroni, homoni ya kiume, ambayo wanasayansi walifanikiwa kuitengeneza maabarani mwaka 1935. Hadi leo madaktari huzitumia kumtibu mwanamume ambaye mwili wake hautoi homoni ya kutosha, mvulana aliyechelewa mno kubalehe, na baadhi ya wagonjwa waliokondeshwa na maradhi mazito. Mgonjwa hupimwa damu, hupewa kiasi maalumu na huangaliwa.

Anayetafuta misuli huyakwepa yote hayo. Huweza kujidunga mara kumi ya kipimo cha hospitali, au zaidi. Shinikizo la damu hupanda, moyo na ini huharibika, korodani hunywea, na mbegu za uzazi hupungua hata akakosa mtoto. Mwanamume huota matiti. Mwanamke huota ndevu, na sauti yake huwa nzito, pengine isirudi tena. Kijana ambaye bado anakua huweza kukoma kurefuka, kwani mifupa yake hukomaa kabla ya wakati. Na sindano ikipita mikono miwili, homa ya ini na UKIMWI navyo huweza kupita.

Ulimwengu umekwisha kupata funzo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilizipiga marufuku dawa hizi mwaka 1975. Mwaka 1988 mjini Seoul, Ben Johnson wa Kanada alishinda mbio za mita 100 kwa sekunde 9.79, na siku tatu baadaye akavuliwa medali. La kutisha zaidi lilitendeka Ujerumani ya Mashariki, ambako wasichana wadogo walipewa vidonge hivyo kwa mpango wa dola yenyewe, huku wakiambiwa kuwa ni vitamini. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin ilimtia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi hiyo. Hukumu ilitoka, lakini haikuwarejeshea wanawake wale afya zao.

Kisiwa kina bandari moja kubwa na bandari bubu nyingi. Kwa hiyo tunawataka wahusika wa forodha na ukaguzi wa dawa wasingoje maiti ndipo waamke. Steroidi zisiuzwe ila kwa cheti cha daktari, na muuzaji anayekiuka anyang'anywe leseni. Walimu wa skuli na makocha nao wawaeleze vijana ukweli bila ya kuona haya.

Tunatoa tahadhari mbili. Mgonjwa wa pumu asiache dawa yake kwa kusikia jina la steroidi. Hizo ni za aina nyingine. Na kijana aliyekwisha kuzizoea asiandamwe. Anapoziacha, mwili wake huwa umepunguza kutengeneza homoni, naye huweza kushikwa na huzuni kubwa. Huyo anahitaji daktari, na ni wajibu wa hospitali zetu kumpokea kama mgonjwa mwingine yeyote, bila ya kumsuta.