Harufu ya choo cha jirani haitibiwi kwa udi

Mama mmoja wa Tabata ameniletea mtoto wake wa miaka sita mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kila mara usiku, kifua kimembana. Mtoto ana pumu na dawa zake anazitumia vizuri. Mara ya tatu niliacha kuuliza habari za dawa, nikauliza habari za nyumba.

Ndipo akaniambia kuhusu bomba. Wamepanga ghorofa ya kwanza, na bomba la hewa la shimo la choo cha jirani linaishia sambamba na dirisha la chumba cha mtoto. Upepo ukigeuka jioni, chumba kinanuka mayai viza. Kwa hiyo saa kumi na mbili madirisha yanafungwa, anafukiza udi, anapuliza manukato ya chumbani, na kwa kuwa mbu wapo, anawasha na ile dawa ya mbu ya kuchoma. "Daktari, harufu ile itaniulia mwanangu," aliniambia.

Sikukubaliana naye. Harufu ya mayai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi, na pua zetu huinusa hata ikiwa kidogo mno. Kwa kiasi kinachotoka kwenye bomba la nje, inaweza kukuletea kichefuchefu, kuumwa kichwa na kukukosesha usingizi, na wapo wenye pumu wanaobanwa na harufu kali yoyote. Sisemi ni jambo dogo. Lakini moshi wa udi na wa dawa ya mbu, ndani ya chumba kilichofungwa, una chembe ndogo sana zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Kwa mtoto wa pumu, naona huo ni mbaya kuliko kile mama alichokuwa anakikimbia.

Nikamwambia azime vyote, amlaze mtoto chumba cha upande wa pili ndani ya chandarua, kisha akaongee na jirani. Hapo kwa jirani akagoma. "Watasema najidai kwa sababu nakaa ghorofani."

Na kweli, bomba lilikuwepo kabla ya ghorofa. Bomba la hewa linatakiwa lipite paa walau nusu mita, na la jirani linapita paa lake. Ghorofa ndiyo iliyokuja kulizidi. Mimi simwoni jirani kuwa mkosaji, na kwa maoni yangu mwenye ghorofa ndiye achangie kulirefusha: vipande vya bomba la plastiki la inchi nne, vibano, fundi, na wavu wa nzi juu yake. Ukienda kwa jirani na mchango mkononi, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Ila anza kwako. Mimi niliwahi kumnung'unikia jirani wiki mbili nzima, kumbe ni tundu la sakafu kwenye bafu letu la wageni lisilotumika. Maji yanayotuama kwenye kona ya bomba ndiyo huzuia gesi isipande, na yangu yalikuwa yamekauka. Nilimwaga ndoo moja, harufu ikaisha. Jirani hajui hadi leo.

Asije mtu akaziba bomba kwa matambara usiku. Wapo wanaofanya hivyo. Gesi hutafuta njia nyingine, na mara nyingi hurudi kupitia choo cha ndani, karibu na wanakolala watoto wa jirani. Wala asishuke mtu shimoni kuangalia. Gesi hiyo ikizidi humo, pua huacha kuinusa, mtu anadhani imeisha, kumbe ndiyo inamuua.

Jirani akikataa katakata, nenda kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa afisa afya wa kata. Kero za namna hii zimo katika Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, kwa hiyo hutakuwa unaomba hisani.

Hayo yote huchukua siku, na pumu haisubiri. Mtoto akihema hadi anashindwa kumaliza sentensi, ngozi ya katikati ya mbavu ikiingia ndani, au midomo ikibadilika rangi, mpe pampu yake na umkimbize hospitali usiku huohuo.