Virusi katika Maji ya Mto Mirongo

Bwana Mhariri,

Niwie radhi kwa kuomba nafasi gazetini mwako niuseme Mto Mirongo, ambao hupita katikati ya mji wetu wa Mwanza na, mvua inyeshapo, huchukua uchafu wa vyoo vya milimani hata ukaumwaga katika Ziwa Victoria, tunakooga na kufua.

Maji hupimwa, sikatai. Lakini aghalabu kitafutwacho ni bakteria wa kinyesi, nao wakionekana wachache twaambiwa maji ni salama, ilhali virusi vya homa ya ini, vya kuharisha na vya polio vyaweza kudumu majini baada ya bakteria hao kufa.

Wala kuvitafuta si muhali. Machi 2018 maji machafu yaliyotekwa Eastleigh, Nairobi, yalidhihirisha virusi vya polio pasipo mtoto yeyote wa mtaa ule kuonekana amepooza. Na kwa kuwa katika watu 200 walioambukizwa maradhi hayo yapata mmoja tu ndiye hupooza, anayengoja habari za hospitali hupata habari zilizochelewa. Kuteka ni rahisi: lita moja, asubuhi watu waamkapo, ikapelekwa maabara ndani ya barafu. Ghali ni maabara yenyewe.

Basi nawasihi wakuu wa afya na wa maji, katika nchi zote tatu zenye pwani ya Ziwa Victoria, wasiishie kwenye mifereji ya miji mikubwa, bali wateke na midomoni mwa mito, na majibu yabandikwe sokoni tuyasome.

Wako mtiifu,
Msomaji, Mwanza