Chaja Nayo ni Suala la Afya

Katika vijiji vingi vya Handeni na Korogwe, simu huchajiwa kwa sola au katika kibanda ambako simu za watu kadhaa hulazwa juu ya meza moja. Chaja hununuliwa gulioni au kwa wachuuzi wa stendi, kwa kuangalia bei tu. Jambo hili hudhaniwa kuwa la mafundi na wafanyabiashara, ilhali ni la afya, na linastahili nafasi katika elimu itolewayo vijijini.

Betri ya lithiamu huhifadhi nishati nyingi mahali padogo. Seli nyingi huundwa kujazwa hadi volti 4.2 au zaidi kidogo. Ikijazwa kupita kiasi, ikitobolewa au ikipata joto kali, kemikali zake huzalisha joto zenyewe; joto huzaa joto, hadi betri itoe moshi wa sumu au iwake.

Simu nzima ina sakiti ya kuzuia hali hiyo. Hofu kwamba chaja yenye ampea nyingi huunguza simu haina msingi, kwa kuwa simu huvuta kiasi inachohitaji. Hatari iko kwingine. Iko katika chaja duni, ambayo kinga kati ya umeme wa volti 230 na waya wa simu ni hafifu. Iko katika chaja ya kobe, inayobana betri iliyotolewa ndani ya simu. Iko pia katika tochi ambayo betri yake ya asidi imekufa, ikawekewa betri ya simu, huku sakiti ya kuchajia ikibaki ileile iliyokusudiwa betri ya kwanza.

Wananchi wamefundishwa kulala ndani ya chandarua, na mafunzo hayo yameokoa maisha. Lakini simu inayochajiwa chini ya mto, ndani ya chandarua hichohicho, hukosa pa kutolea joto. Na moto ukizuka, nyuzi huyeyuka na kuganda mwilini.

Husemwa kwamba maskini hana uchaguzi. Kuhusu bei ya chaja, kauli hiyo ina ukweli. Hata hivyo, kinga kubwa haina gharama: kuchaji mbali na kitanda, watu wakiwa macho, kuacha kutumia betri iliyovimba, kutoitoboa wala kuichoma pamoja na takataka. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe kituo cha afya.

Ukaguzi wa Shirika la Viwango Tanzania ni wa lazima, lakini haufiki kila meza ya gulio. Anayefika ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Akiingia nyumbani kuuliza habari za chandarua, aulize pia simu huchajiwa wapi usiku. Na mwenye kibanda na fundi wa tochi wawe miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza.