Aliyeshindwa zabuni si adui wa maendeleo

Msafiri anayetoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu hadi Karatu hupita juu ya lami iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa miaka mingi lami hiyo imekuwa ikikomea kwenye lango la Lodoare. Ukishavuka lango na kuanza kupanda kuelekea ukingo wa kreta ya Ngorongoro, unakutana na vumbi la kiangazi au utelezi wa masika. Anayesafiri njia za ukanda huu hahitaji shahada ili kuelewa tofauti iliyopo kati ya bei ya barabara na thamani yake. Bei huandikwa mara moja kwenye mkataba. Thamani hupimwa kila mvua inaponyesha.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, mwanafunzi wangu wa zamani mwenye kampuni ndogo ya ukandarasi hapa Karatu aliomba zabuni ya kutengeneza mojawapo ya barabara za vijijini za ukanda huu. Bei yake haikuwa ya chini kuliko zote. Alikuwa amehesabu gharama ya kusomba changarawe kutoka mbali, kwa kuwa ndani ya hifadhi mtu hachimbi apendapo, na alikuwa ameweka mitaro iliyojengwa kwa mawe kwenye miteremko. Taasisi iliyotangaza kazi hiyo ilimjibu kwa sentensi moja: bei yako si ya chini kabisa. Alinijia akiwa na barua mkononi, akauliza, "Mwalimu, nilalamike?"

Nilimwambia aache. Nilimwambia kwamba mji ni mdogo, kwamba ukigombana na anayetoa kazi leo, kesho hutaitwa. Alinisikiliza, kama wanafunzi wengi wanavyowasikiliza walimu wao hata pale ambapo hawapaswi. Masika ya mwaka uliofuata maji yalikata barabara ile mahali pawili, na wanakijiji wakarudi kubeba wagonjwa kwa machela hadi mahali gari linapofika. Sisemi kwamba kazi ya kijana wangu ingestahimili maji yale. Sijui, na hakuna anayejua, kwa sababu swali la mitaro halikuulizwa kwa wakati wake. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliozuia lisiulizwe.

Sheria yetu haimkatazi mtu kuuliza. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, kama ile ya 2011 iliyoitangulia, inaitaka taasisi nunuzi iwaarifu wazabuni wote kusudio lake la kutoa tuzo kabla haijaitoa. Taarifa hiyo hutaja aliyependekezwa, bei yake, na sababu za wengine kushindwa. Asiyeridhika ana siku 5 za kazi kupeleka malalamiko kwa Afisa Masuuli. Asiporidhika tena, hukata rufaa kwa Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, ambayo hutakiwa kuamua ndani ya siku 40. Mlango upo. Tatizo ni kwamba sisi tuliosoma tumewafundisha watu kuuogopa.

Kuna jambo moja ambalo wanaharakati wengi hawalioni. Anayeweza kuupita mlango huo ni mzabuni peke yake. Mama wa Endulen ambaye zahanati yake haifikiki, au mkulima wa vitunguu wa Mang'ola ambaye mazao yake yanaoza njiani, hana nafasi mbele ya Mamlaka ya Rufani, kwa sababu hakuomba zabuni. Barabara ni yake na kodi ni yake, lakini rufaa si yake. Kwa hiyo mzabuni aliyeshindwa anapouliza kwa nini, hata kama anasukumwa na tamaa ya faida yake tu, anauliza pia kwa niaba ya watu wasioruhusiwa kuuliza. Tukimnyamazisha yeye, tumewanyamazisha wote.

Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wana hoja zao, na si hoja nyepesi. Wanasema rufaa huchelewesha miradi: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, fedha ambazo hazijatumika zinaweza kurudishwa, na mvua haingoji kikao. Wanasema pia kwamba kigezo cha bei ya chini ni kinga yao. Namba haina upendeleo. Ukimpa kazi mwenye bei ya juu, kesho unaitwa kujieleza mbele ya mkaguzi au TAKUKURU. Naelewa hofu hiyo. Afisa anayetetea bei ndogo mara nyingi haitetei barabara, anajitetea yeye.

Lakini sheria haikusema bei ndogo tu. Katika kazi za ujenzi inazungumzia gharama ya chini baada ya tathmini, yaani baada ya kuhakikisha kwamba mzabuni ametimiza masharti na ana uwezo wa kazi yenyewe. Katika kuchagua washauri elekezi, mara nyingi ubora hupewa alama zake na bei zake, kisha zikajumlishwa. Thamani ya fedha ni msingi wa sheria nzima. Kinachokosekana ni sababu zilizoandikwa. Nchini Marekani, ofisa wa serikali anaweza kumchagua mzabuni wa bei ya juu pale zabuni inaporuhusu kupima ubora, ila ni lazima aandike ni faida gani inayostahili fedha hizo za ziada. Akilalamikiwa, Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali husoma maandishi yake na kuamua ndani ya siku 100. Jirani zetu wa Kenya wana bodi inayoamua ndani ya siku 21. Kwa hiyo kasi na haki vinaweza kukaa nyumba moja.

Swali lisiloulizwa mapema halifi. Hurudi likiwa na gharama kubwa zaidi. Mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond ulitolewa mwaka 2006. Ilipofika Februari 2008, Kamati Teule ya Bunge iliripoti kwamba kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Yeye naye alilalamika bungeni kwamba kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa. Kumbe haja ya kusikilizwa haina mkubwa wala mdogo.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, barua ya kushindwa iwe na sababu ambazo mtu anaweza kuzijibu: kigezo gani, kiliandikwa wapi kwenye nyaraka za zabuni, na mzabuni alikosa nini. Pili, zabuni za maeneo kama Ngorongoro zihesabu gharama za maisha yote ya kazi, si za siku ya makabidhiano. Barabara inayorudiwa kila baada ya masika si rahisi hata kidogo. Tatu, siku 5 za kazi zitazamwe upya kwa wazabuni wadogo walio mbali na wanasheria na wenye mtandao wa kubahatisha. Mfumo wa NeST umesogeza zabuni karibu na watu, lakini haujamsogezea kila mtu uwezo wa kuandika malalamiko yenye hoja kwa siku hizo chache. Hapo ndipo wanafunzi wa sheria na uhandisi wangeweza kusaidia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Malalamiko ya mzabuni mara nyingi ndiyo ufa wenyewe ukijionyesha mapema, kabla ya saruji kukauka na fedha kwisha.

Kijana wangu bado yupo Karatu na bado anaomba kazi. Tulipokutana mwezi uliopita nilimwomba radhi. Alicheka, akasema yamepita. Nilimwambia kwamba safari ijayo akija na barua yenye sentensi moja, tutaketi pamoja usiku huohuo na kuandika swali letu.